BUSTANI YA VYOMBO MLANGONI, NA HESABU YA MADUMU MATUPU

(Mazungumzo yaliyosomwa katika semina ya makatibu na wajumbe wa vyama vya msingi)



Katika vijiji vya kahawa vilivyo kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro, Januari na Februari ni miezi ambayo fedha hupungua mfukoni na mboga hupungua jikoni kwa wakati mmoja. Mvua za vuli zimekwisha, masika bado. Malipo ya awali ya kahawa yamekwisha kuingia katika sare, madaftari na nauli za watoto wanaofungua shule, na malipo ya pili bado yanangoja mauzo. Hapo ndipo mama wa nyumba, ambaye kahawa yake imepimwa kwa kilo nyingi katika mizani ya chama, anaposhuka sokoni kununua fungu la mchicha ambalo likipikwa halifuniki hata kitako cha sufuria. Siku ya pili hununua tena, na siku ya tatu vilevile. Hakuna leja ya chama inayoandika matumizi hayo, ndiyo maana hayaonekani. Lakini mwenye nyumba akiyaandika kwa mwezi mmoja tu, hata katika daftari kuukuu la mtoto, atashangaa.

Sababu inayotolewa siku zote ni ardhi. Kihamba kilichomtosha babu kimegawanywa kwa baba na ndugu zake, kisha kikagawanywa tena, na leo migomba na mibuni imefika karibu na dirisha. Ni kweli, nafasi ya tuta la mboga haipo katika nyumba nyingi. Lakini ipo nafasi ya ngazi za mlango, ya ukingo wa baraza, ya ukuta wa jiko unaopigwa na jua la asubuhi, na ya mahali pale ambapo vichanja vya kuanikia kahawa husimama vitupu kwa nusu ya mwaka. Hapo hapahitajiki jembe. Panahitajika chombo chenye udongo.

Ukulima wa namna hii si mgeni katika nchi hizi. Katika miji ya mwambao, kama vile Unguja na Lamu, ambako nyumba za mawe zimebanana na ua ni mdogo, akina mama wameotesha mrehani na asumini katika vyungu na makopo tangu zamani, wakachuma jioni na kusuka vikuba. Na wako wanaosema kwamba ua la chungu ni mambo ya Wazungu. Hao hawajui kwamba moja kati ya maua ya chungu yanayopendwa zaidi katika madirisha ya Ulaya na Marekani lilitoka katika miamba yenye kivuli ya milima ya Usambara. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani katika sehemu za Tanga, alilipeleka kwa baba yake huko Ujerumani, na mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akaliandika kwa jina la Saintpaulia. Wajerumani hadi leo huliita kwa jina la Usambara. Watu wameuza mamilioni ya vyungu vya ua hilo katika nchi za mbali, na huku kwao misitu linamoota peke yake imekuwa ikikatwa. Mwenye kulipata na kulipanda alipande kivulini, asiyaloweshe majani yake, na akitaka jingine achomeke jani moja lenye kikonyo katika udongo mwepesi wenye unyevu.

Mfano mwingine ni wa karibu zaidi kwa wakati. Baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007, shirika la Kifaransa la Solidarités lilieneza bustani za magunia katika mtaa wa Kibera, Nairobi, ambako mtu hana hata hatua mbili za ardhi mbele ya mlango wake. Gunia lilisimamishwa wima, likajazwa udongo, likatobolewa ubavuni, na sukuma wiki ikapandwa katika matundu. Mtu asiye na shamba akapata mboga ya kupika na pengine ya kumuuzia jirani. Ikiwa jambo hilo liliwezekana Kibera, haliwezi kushindikana Kilimanjaro penye samadi ya ng'ombe wa zizini nyuma ya kila nyumba.

Sasa kazi yenyewe. Chombo cha kwanza cha kufikiriwa ni gunia, na namna ya kulijaza inastahili maelezo, kwa kuwa wengi hulijaza vibaya kisha wakasema gunia halifai. Huchukuliwa gunia la kilo 90 au 100, kingo zake zikakunjwa mpaka karibu na kitako. Udongo hutayarishwa kwanza: madebe mawili ya udongo mweusi wa juu na debe moja la samadi iliyooza sawasawa, ile isiyotoa tena joto wala harufu kali. Udongo ukiwa wa mfinyanzi huongezwa mchanga wa mto. Huwekwa udongo wa kimo cha shubiri moja chini ya gunia. Kisha kopo kubwa lisilo na kitako husimamishwa katikati na kujazwa kokoto au vipande vya mawe, na udongo hujazwa kulizunguka. Ukifika sawa na mdomo wa kopo, kopo huvutwa juu taratibu. Mawe hubaki yamesimama kama nguzo. Hujazwa mawe tena, na udongo tena, hadi gunia lijae. Nguzo hiyo ya mawe ndiyo koo la gunia. Maji yakimiminwa juu hushuka kwayo na kuenea hadi mizizi ya chini. Pasipo nguzo hiyo maji huishia juu, miche ya chini hukauka, na ya juu huoza.

Gunia likijaa huachwa siku mbili au tatu likinyweshwa ili udongo ushuke. Ndipo ubavu hutobolewa matundu ya kupitisha vidole viwili, yakiachana kwa shubiri moja na kwa kupishana, si kwa kupangwa moja juu ya jingine. Gunia moja huchukua miche 30 hadi 40 ya sukuma wiki, spinachi au mnafu, na juu yake hupandwa vitunguu au mche mmoja wa nyanya. Isisahauliwe kwamba gunia lililojaa udongo wenye maji lina uzito kuliko watu wawili. Lijazwe pale pale litakapokaa. Gunia la katani huoza baada ya mwaka mmoja hivi. Lile la nyuzi za plastiki haliozi, ila jua hulifanya livunjike kama jani kavu, na ni vizuri kulifunika upande wa jua kali kwa majani ya mgomba.

Vyombo vidogo ni vingi: debe lililotoboka, ndoo iliyovunjika mpini, beseni, karai, chungu chenye ufa, dumu la mafuta ya kupikia lililokatwa ubavu na kulazwa. Kila chombo hutobolewa kitakoni matundu manne au matano ya unene wa kidole, na vigae vya chungu huwekwa juu ya matundu ili udongo usitoke pamoja na maji. Kisahani hakiwekwi chini. Maji yanayosimama ni kitalu cha mbu, na mbu wa homa ya dengi, iliyowasumbua watu wa Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019, hutaga katika vyombo vidogo kama hivyo.

Kina cha chombo ndicho huamua mboga. Mchicha na giligilani huridhika na kina cha shubiri moja. Sukuma wiki, pilipili na karoti hutaka zaidi ya hapo kidogo. Nyanya hutaka debe zima kwa mche mmoja, na mwenye kupanda miche mitatu katika debe moja hupata majani mengi na matunda ya kuchezea watoto. Kuhusu jua, mboga za majani hupata nafuu hata kwa saa nne kwa siku, lakini nyanya na pilipili hutaka saa sita au zaidi.

Udongo wa chombo hauna jirani wa kumkopa maji. Shamba likikauka juu, mizizi hushuka chini. Katika debe hakuna chini. Hivyo kunywesha ni kila siku wakati wa kiangazi, asubuhi au jioni. Njia ya kujua haja ni kuingiza kidole hadi kiungo cha pili: kikitoka kikavu, maji yanahitajika. Maji yaliyooshea mchele na mboga hufaa. Maji yenye sabuni nyingi au dawa ya kung'arisha nguo hayafai. Na kwa kuwa kila kunywesha hushusha rutuba kupitia matundu, chombo hulishwa kila baada ya wiki mbili kwa maji ya samadi, yaani samadi iliyolowekwa katika ndoo kwa siku kadhaa, ikachujwa, ikazimuliwa mpaka iwe na rangi ya chai ya rangi. Humiminwa katika udongo, haimwagwi juu ya majani yatakayochumwa kesho.

Kwa mpango huo mchicha huwa tayari kuchumwa baada ya wiki nne hivi tangu kusiwa. Sukuma wiki huanza kuvunwa kati ya wiki ya sita na ya nane baada ya kupandikizwa, na ikivunwa majani ya chini tu huendelea kwa miezi mingi. Mwenye magunia mawili na makopo machache hatajitosheleza kwa kila kitu. Shirika la Afya Duniani hushauri mtu ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, na kiasi hicho kwa nyumba ya watu sita hakitoki barazani peke yake. Lakini majani ya kuchuma kila siku ya pili katika Februari ni tofauti kubwa na kutokuwa na kitu.

Juu ya maua, wajumbe wengi wa kamati, hasa wanaume, huyahesabu kuwa anasa. Hoja yao ni kwamba hayaliwi. Ukweli ni kwamba mboga iliyofichwa nyuma ya choo husahauliwa, na mboga iliyochanganywa na maua mbele ya mlango hunyweshwa, kwa sababu kila apitaye huitazama na mwenyewe huona haya ikinyauka. Hiyo ni faida ya kwanza, na pengine ndiyo kubwa. Aidha maua huwaita nyuki, ambao maboga na matango hayazai vizuri bila wao. Na maua yale ya manjano na ya rangi ya chungwa yenye harufu kali, ambayo wataalamu huyaita tageti, ndugu wa bangimwitu ya mashambani, yana mizizi inayopunguza minyoo ya udongo inayofanya vifundo katika mizizi ya nyanya. Mrehani hutiwa katika chai na katika mchuzi. Waridi halina kazi nyingine isipokuwa kuwa waridi, na nyumba haipungukiwi kitu kwa kuwa nalo.

Ndugu Makatibu, hadi hapa mazungumzo haya yangeweza kutolewa na bwana shamba au bibi maendeleo, na pengine kwa ufasaha zaidi. Liko jambo lililowapasa vyama vyenyewe, nalo lilitokea katika chama kimoja cha msingi ambacho si lazima kitajwe.

Katika ghala la chama hicho palikuwa na madumu matupu 26 ya dawa ya kunyunyizia mibuni, yaliyokusanyika kwa misimu kadhaa. Mtunza ghala alilalamika kwamba yanajaza nafasi. Wakati huohuo bwana shamba alikuwa ameitwa kufundisha bustani za vyombo, na alifundisha vizuri, siku ya Jumamosi, kwa maonyesho na kwa mifano. Akina mama waliondoka na hamu kubwa na bila vyombo. Kamati ilikutana jioni ileile, ikaandika katika muhtasari kwamba madumu yauzwe kwa wanachama kwa bei ndogo, ghala lisafishwe na chama kipate mapato. Jumatatu saa nne asubuhi halikubaki hata dumu moja. Fedha yote iliyopatikana haikutosha kununua mfuko mmoja wa sukari.

Hapakuwa na mwizi katika jambo hilo. Muhtasari ulikuwapo, stakabadhi zilikuwapo, fedha iliingia kwenye kitabu cha fedha siku ileile. Hesabu ilikuwa safi. Chombo ndicho kilichokuwa kichafu.

Mmoja wa walionunua alikuwa bibi mjane, aliyerithi namba ya uanachama ya mumewe na aliyekuwa akiwalea wajukuu watatu. Alinunua madumu manne. Aliyakata midomo, akayaosha kwa maji ya moto na majivu mara tatu, akayatoboa kama alivyofundishwa. Katika mawili alipanda mnafu, katika la tatu sukuma wiki, na katika la nne waridi jekundu. Alivipanga pande mbili za mlango. Mvua hazijarudi, vihamba vilikuwa na vumbi, na mlango wa bibi huyo ulikuwa wa kijani kibichi. Majirani walikuja kutazama. Mwenyekiti wa chama alimsifu hadharani siku ya mizani, na wanachama wakapiga makofi.

Wiki ya saba bibi afya alipita akipima uzito wa watoto wa kijiji. Alikaribishwa, akakaa kibarazani, akaona chini ya dumu moja kipande cha karatasi ya chapa kilichokuwa hakijabanduka, chenye alama ya fuvu la kichwa na mifupa miwili.

"Shikamoo, bibi. Madumu haya umeyapata wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Nimeyapata chamani. Stakabadhi ninayo."

Akainuka, akaingia ndani, akaitoa stakabadhi katika Biblia alimoitunza, akamwonyesha. Mboga ilikuwa imekwisha kuliwa kwa zaidi ya wiki mbili.

Ni vyema makatibu wafahamu kwa nini maji ya moto na majivu hayakutosha. Dawa nyingi za wadudu huchanganywa na vimiminika vya namna ya mafuta, na vimiminika hivyo huingia ndani ya plastiki yenyewe, si juu yake tu. Kuosha huondoa kilicho juu. Kilichoingia ndani hutoka polepole, siku baada ya siku, katika udongo wenye maji. Na ziko dawa zilizotengenezwa makusudi ili zinyonywe na mizizi na kupanda hadi kwenye majani, ili mdudu afyonzaye jani afe. Mnafu hauchagui cha kunyonya. Hata mrututu, ambao wazee wameuzoea kwa miaka mingi katika kuzuia kutu ya majani na chulebuni na kuuona kama chumvi tu, ni shaba, na shaba haiozi wala haiishi udongoni. Kadhalika ziko dawa za zamani, kama vile DDT na endosulfani, ambazo mataifa yamekubaliana kuziondoa au kuzibana kwa Mkataba wa Stockholm, ya kwanza katika mkataba wenyewe wa 2001 na ya pili kwa nyongeza ya 2011. Dawa imeondoka madukani. Dumu lake kuukuu huenda bado limo ghalani.

Madumu ya dawa husuuzwa mara tatu, na ni kweli kwamba maagizo hayo yameandikwa kwenye chapa. Lakini kusuuza huko hufanywa shambani wakati wa kunyunyizia, na maji yake humiminwa ndani ya bomba la kunyunyizia yatumike pamoja na dawa. Kisha dumu hutobolewa ili lisitumike tena kwa kazi yoyote, na kurudishwa mahali pa kukusanyia. Kusuuza huko ni kwa kuliaga dumu, si kwa kulikaribisha nyumbani. Halichomwi uani, kwa kuwa moshi wake ni sumu, wala halitupwi mfongoni, kwa kuwa wa chini wanayanywa maji hayo. Katika Tanzania mamlaka inayohusika na vitu hivi ni Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyoanzishwa kwa sheria ya 2020, na ofisi za kilimo za wilaya ndiyo njia ya kuifikia.

Wajukuu wa bibi huyo walipelekwa zahanati. Hawakuonekana na dalili yoyote siku ile, na hakuna aliyeweza kumwambia bibi zaidi ya hayo. Watu walio katika kamati wangependa kusikia kwamba hakuna lililotokea. Jibu la haki ni kwamba hakuna lililoonekana.

Chama kiliitisha mkutano maalumu. Wajumbe wawili walisema kosa ni la mnunuzi asiyesoma chapa. Mzee mmoja akawauliza ni nani aliyeandika muhtasari wa kuuza, na mnunuzi au mwuzaji ni yupi aliyetakiwa kusoma kwanza. Iliamuliwa fedha irudishwe na madumu yarudi. Bibi alirudisha manne, na mnafu ukang'olewa ukafukiwa pamoja na udongo wake mbali na mfongo. Aliomba jambo moja tu, kwamba abaki na dumu la waridi, kwa kuwa waridi haliliwi na mtu. Hoja yake ilikuwa na nguvu, na katibu alikaribia kukubali. Lakini dumu la maua ya mwaka huu ndilo dumu la maji ya mwakani, na mtoto hajui lilikuwa la nini. Waridi lilihamishiwa katika debe, likakauka majani yote, kisha likachipua tena. Chama kilimpa magunia mawili ya kahawa yaliyochakaa, baada ya kuyafuta katika leja kwa idhini ya chama kikuu ambacho ndicho mwenye magunia, na vijana wawili wakamjazia kwa nguzo ya mawe kama ilivyoelezwa.

Taabu ilikuwa katika madumu yaliyosalia. Bibi alipatikana kwa urahisi kwa sababu alipolipa alidai jina lake liandikwe. Marehemu mumewe alikuwa amemfundisha kwamba karatasi ya chama isiyo na jina ni ya mtu yeyote. Stakabadhi nyingine, kwa kuwa wanunuzi walikuwa wengi na asubuhi ilikuwa ya haraka, ziliandikwa maneno mawili tu: "mauzo taslimu". Kwa ukaguzi wa fedha maneno hayo yanatosha. Kwa kumtafuta mtu ambaye watoto wake wanakula katika sumu, hayasaidii kitu.

Katibu alitangaza siku za mizani. Matangazo yalisomwa kanisani na msikitini. Alipita nyumba kwa nyumba akiwa na mtunza ghala, jioni, baada ya kazi. Mengi yalikuwa na mboga. Moja lilikuwa na mafuta ya taa. Moja lilikutwa jikoni, limefunikwa kwa kitambaa safi, na ndani yake maji ya kunywa.

Kutokana na hayo chama hicho kimebadili mambo machache, na yanatolewa hapa kwa vyama vingine kuyachukua kama yanavyofaa. Leja ya ghala sasa ina safu ya vyombo vitupu: dawa inapotolewa kwa mwanachama huandikwa jina, namba na idadi ya madumu, na msimu mwingine hapati dawa mpaka yale ya kwanza yarudi, yakiwa yametobolewa. Madumu yaliyorudi hufungiwa chumba chake, mbali na magunia na mbali na mbegu, yakingoja kuchukuliwa kwa utaratibu wa wilaya. Neno "mapato" limekatazwa kuandikwa juu yake. Magunia yaliyobeba mbegu iliyotiwa dawa, ile yenye rangi nyekundu au ya kijani, huingia chumba hichohicho. Magunia ya mbolea ya chumvichumvi huoshwa vizuri kabla ya kugawiwa, kwa kuwa chembe zake huunguza mizizi michanga. Makopo ya rangi za zamani na masanduku ya betri za magari hayapewi mtu kwa kupandia, kwa ajili ya risasi iliyomo. Na akina mama wanaotaka vyombo hupewa madebe na ndoo za mafuta ya kupikia, ambazo chama kimekubaliana na wenye mikahawa wa sokoni kuzichukua kila mwezi.

Mafunzo ya bwana shamba yalirudiwa mwaka uliofuata, na safari hii yalianza ghalani, mbele ya mlango wa chumba kile, kabla ya kwenda kwenye udongo na miche. Bibi mjane alikuwapo. Alileta majani ya mnafu ya magunia yake, yakapikwa na wote wakala.

Madumu yaliyorudi hadi sasa ni 19. Yale saba yameandikwa juu ya ukurasa wa kwanza wa leja ya ghala kwa wino mwekundu, na kila siku ya mizani, kabla kilo za kwanza hazijapimwa, katibu husimama akawauliza wanachama kama kuna aliyeliona hata moja.